Mashine inapoandika herufi kiooni: Isome kwanza, bisibisi baadaye

Na Mwandishi Wetu

MALORI yanayovuka Rusumo, Kabanga, Mutukula na Tunduma hayabebi saruji, mafuta na vitenge peke yake. Humo ndani mna pia mashine za kufulia, friji, maikrowevu na viyoyozi vilivyokwishatumika Dubai, Muscat, Uholanzi au Uingereza. Vingine ni mali ya wafanyabiashara wanaovinunua Kariakoo na kuvipeleka Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi. Vingine ni mali ya watu wanaorudi nyumbani baada ya miaka mingi ughaibuni, ambao wameona ni hasara kuviacha huko vitu walivyovipata kwa jasho lao.

Matatizo huanza siku ya kuviwasha. Mashine inapokea umeme, taa zinawaka, maji yanaingia, kisha ghafla kila kitu kinasimama na kwenye kioo chake kidogo zinajitokeza herufi na namba: OE, dE, 4C, E18, F21. Mlio unaanza kulia bila kukoma. Mafundi wengi wa mitaani huita jambo hilo "era". Mwenye mali naye huliona kama hukumu ya kifo: mashine imekufa, fedha imepotea.

Hapo ndipo watu wanapopata hasara, na wakati mwingine kupoteza maisha. Mmoja huuza mashine nzima kwa bei ya chuma chakavu, kumbe chujio lake limezibwa na sarafu mbili na kifungo cha shati. Mwingine huchukua bisibisi na kufungua mgongo wa maikrowevu mezani, mbele ya watoto, asijue kuwa ndani yake kuna umeme unaobaki hata baada ya plagi kuchomolewa. Makosa yote mawili yanatokana na kitu kimoja: kutojua alama zile zinasema nini.

Alama si jina la kifaa kilichokufa

Vifaa vya kisasa vya nyumbani vina bodi ya elektroniki ambayo ndiyo ubongo wake. Bodi hiyo imeunganishwa na sensa mbalimbali: ya kupima kina cha maji, ya joto, ya kufunga mlango, ya mwendo wa mota. Bodi inatoa amri, kisha inasubiri majibu kwa muda uliopangwa. Ikiamuru pampu itoe maji na baada ya dakika kadhaa sensa bado inasema maji yamo, bodi inasimamisha kazi na kuandika alama ya kushindwa kutoa maji.

Kwa hiyo alama haisemi kwamba pampu imekufa. Inasema kwamba kazi ya kutoa maji haikukamilika. Inawezekana pampu imeungua kweli, lakini pia inawezekana mpira wa kutolea maji umepinda nyuma ya mashine, au chujio limeziba, au waya umelegea kwa mitikisiko ya safari. Ni sawa na mgonjwa anayemwambia daktari kuwa tumbo linamuuma. Ametaja mahali penye maumivu, hajataja ugonjwa. Daktari anayemkimbiza moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji atakuwa amekosea, na fundi anayebadilisha bodi kwa kuona herufi mbili tu naye amekosea vilevile.

Kila kampuni na lugha yake

Hakuna kamusi moja ya alama hizi duniani. Kila kampuni ina zake, na hata kampuni moja hubadilisha alama kutoka toleo moja hadi jingine. Hata hivyo, zipo chache ambazo mtu wa mpakani atakutana nazo mara kwa mara.

Kwenye mashine za kufulia za LG, IE maana yake maji hayaingii ipasavyo. OE maana yake maji hayatoki. UE ni mzigo wa nguo ambao haukukaa sawa, na dE ni mlango ambao haukufunga. FE ni maji yaliyozidi kiasi, PE ni sensa ya kina cha maji, LE ni mota iliyokwama au kuzidiwa, na tE ni sensa ya joto. PF maana yake umeme ulikatika katikati ya kazi, jambo ambalo katika miji yetu halihitaji fundi bali subira.

Kwenye Samsung, 4E au 4C ni maji kutoingia, 5E au 5C ni maji kutotoka, dE au dC ni mlango, na UE au Ub ni nguo kukaa upande mmoja. Sud au Sd ni povu lililozidi. Hili la povu huwapata sana wanaotumia sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono ndani ya mashine inayofungukia mbele. Sabuni hiyo imetengenezwa itoe povu jingi, wakati mashine hizo zinahitaji sabuni ya povu kidogo.

Bosch na Siemens hutumia herufi E au F pamoja na namba: 16 ni mlango, 17 ni maji kuingia, 18 ni maji kutoka, 21 ni mota, na 23 ni maji yaliyovujia chini ya mashine. Electrolux, Zanussi na AEG wana E10 kwa maji kuingia, E20 kwa maji kutoka na E40 kwa mlango. Hao hao wana alama ya EH0, ambayo maana yake ni kwamba umeme unaoingia haujatulia. Mashine yenyewe haina kosa lolote. Inangoja umeme utengemae.

Msomaji aangalie pia kwamba kioo cha aina hii huandika tarakimu 5 na herufi S kwa umbo moja. Ndiyo maana 5E ya Samsung wengi huisoma SE. Na hapo hapo kuna mtego mwingine: kwenye maikrowevu za kampuni hiyo hiyo, SE maana yake ni kitufe kilichokwama au kugusana ndani ya ubao wa vitufe, wala haihusiani na maji. Ukimpigia fundi simu ukamwambia "inaandika SE" bila kumweleza ni kifaa gani na toleo gani, umempa nusu ya habari.

Zipo pia alama ambazo si hitilafu hata kidogo. CL kwenye mashine ya LG ni kufuli la kuzuia watoto wasichezee vitufe. Hufunguliwa kwa kushikilia kwa sekunde chache kitufe chenye alama hiyo. Alama ya tcL kwenye LG ni ukumbusho tu kwamba pipa la mashine linahitaji kusafishwa. Na kwenye friji nyingi za Samsung na LG, maandishi ya OFF au OF OF maana yake friji iko katika hali ya maonyesho ya dukani: taa zinawaka, kioo kinafanya kazi, lakini kwa makusudi haigandishi. Friji zilizokuwa zimewekwa kwenye maduka makubwa ya Ghuba kwa ajili ya kuonyeshwa huuzwa baadaye zikiwa bado katika hali hiyo. Mnunuzi akiona haipoi huambiwa gesi imekwisha au kompresa imekufa. Kitabu chake cha maelekezo kina mchanganyiko wa vitufe wa kuiondoa katika hali hiyo, bila kugusa gesi wala kompresa.

Hatua za mwanzo ambazo kila mtu anaweza

Kabla ya kumwita fundi, mwenye mali anaweza kufuata utaratibu ufuatao bila kufungua skrubu hata moja.

Kwanza, aandike alama kama ilivyo, herufi kubwa na ndogo, au aipige picha kwa simu. Ukichomoa umeme kabla ya kuinakili, mara nyingi hupotea.

Pili, aandike ilitokea wakati gani: mwanzoni, maji yakiingia, nguo zikizungushwa, au wakati wa kukamua. Kwa fundi mzuri habari hii ni nusu ya kazi.

Tatu, azime na achomoe plagi kwa mikono mikavu, asubiri kama dakika kumi, kisha arudishe. Bodi za elektroniki huchanganyikiwa umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Alama isiporudi, ilikuwa ya kupita. Ikirudi palepale, ni tatizo la kweli, na kuzima na kuwasha mara ishirini hakutaliponya.

Nne, atafute namba kamili ya toleo la mashine. Kwenye mashine zinazofungukia mbele huwa kwenye kibandiko karibu na mlango au mgongoni. Kwa namba hiyo unaweza kupata kitabu cha maelekezo kwenye tovuti ya kampuni kwa simu ya mkononi, hata kama mashine ilitoka Muscat na kitabu chake cha karatasi ni cha Kiarabu, au ilitoka Rotterdam na maandishi yote ni ya Kiholanzi.

Maji ndiyo mtuhumiwa wa kwanza

Alama nyingi za mashine ya kufulia zinahusu maji kuingia na kutoka, na sababu nyingi za maji ziko nje ya mashine.

Maji yasipoingia, angalia kama bomba limefunguliwa na kama mpira haukupinda. Funga bomba, chomoa umeme, kisha fungua mpira upande wa mashine. Utaona kichujio kidogo cha nyavu. Mashine iliyotumika miaka mingi Ghuba au iliyokaa ghalani huwa na mchanga na chokaa hapo. Isafishe kwa mswaki na maji.

Ikiwa nyavu ni safi, fikiria msukumo wa maji. Mashine nyingi za Ulaya na Asia hutengenezwa kwa maji ya bomba yenye msukumo wa karibu bari 1 au zaidi. Tangi lililoinuliwa mita 10 juu ya mashine hutoa takriban bari 1, na tangi lililo kwenye mnara wa mita 3 hutoa bari 0.3 tu. Kwa hiyo mashine iliyofanya kazi vizuri katika ghorofa la Sharjah inaweza kuandika IE kila siku katika nyumba ya kawaida ya Ngara au Gitega, na isiwe imeharibika. Dawa ni kuinua tangi, au kuweka pampu ndogo ya kuongeza msukumo, au kusoma kitabu na kuona kiwango cha chini kinachotakiwa kabla ya kununua. Asiye na maji ya uhakika ni heri anunue ile ya mapipa mawili inayojazwa kwa ndoo. Haina mbwembwe, na mara nyingi haina alama za kumtia mtu wasiwasi.

Maji yasipotoka, angalia mpira wa kutolea maji. Vitabu vingi vinataka mwisho wake uwe kwenye kimo cha kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukilazwa chini, maji hutoka yenyewe wakati yanaingia, na mashine hungoja kujaa bila mafanikio. Ukiinuliwa mno, pampu hushindwa.

Kisha kuna chujio la pampu. Kwenye mashine zinazofungukia mbele, mara nyingi liko chini kwenye kona, nyuma ya kimlango kidogo. Chomoa umeme, subiri maji yapoe kama ulikuwa unafua kwa maji ya moto, weka beseni na kitambaa, kisha fungua polepole kuelekea kushoto. Maji yakianza kutoka kwa wingi, kaza tena, mwaga beseni, na urudie. Humo hupatikana sarafu, pini za nywele, waya za sidiria na soksi za watoto. Kuna mashine ngapi zilizouzwa kwa hasara kwa ajili ya vitu hivyo!

Alama ya nguo kukaa upande mmoja nayo ina siri yake. Mashine zinazofungukia mbele husafirishwa zikiwa na boliti maalumu mgongoni, kwa kawaida tatu au nne, zinazoshika pipa lisitikisike. Ikiwashwa bila boliti hizo kutolewa, hurukaruka kama punda aliyeumwa na nyuki. Kinyume chake, mashine iliyotumika ikisafirishwa bila boliti hizo kutoka Dar es Salaam hadi Bukavu, pipa lake hupigwa na kila shimo la barabara hadi springi na vishikizo vyake vikalegea. Mfanyabiashara anayetunza boliti na kuzirudisha kabla ya safari anaokoa mali yake.

Umeme wa huko si umeme wa hapa

Hapa ndipo hasara kubwa ya wanaorudi kutoka Marekani na Kanada. Huko umeme wa nyumbani ni volti 120 na mzunguko wa hezi 60. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hutumia volti kati ya 220 na 240 na hezi 50, kama zilivyo Oman, Emirati na Ulaya. Kifaa cha volti 120 kikichomekwa moja kwa moja kwetu huungua kwa sekunde chache, na hapo hakuna alama yoyote itakayoandikwa. Ni moshi tu.

Wengi hununua transfoma ya kushusha umeme wakidhani wamemaliza. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Maikrowevu ya kawaida ya Marekani ikipewa hezi 50, transfoma yake nzito ya ndani hupata joto kupita kiasi. Mota ya aina ya zamani huzunguka polepole kwa takriban sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi. Friji ya namna hiyo huungurumisha kompresa yake hadi siku moja inanyamaza kabisa. Tena, maikrowevu iliyoandikwa wati 1,000 za kupikia huvuta karibu wati 1,500 kutoka ukutani, hivyo transfoma ya wati 1,000 nayo huungua.

Saudi Arabia nayo ina jambo lake. Ingawa iko Ghuba, umeme wake ni wa hezi 60, na kwa miaka mingi nyumba zake zilitumia volti 127 sambamba na 220. Anayenunua mzigo wa Jeddah asidhani ni sawa na mzigo wa Dubai. Soma kibandiko cha kila kifaa. Kikiandikwa "220-240V 50Hz", kinafaa. Kikiandikwa "100-240V 50/60Hz", kama zilivyo chaja nyingi za simu na kompyuta, kinafaa popote. Kikiandikwa "120V 60Hz", kiache huko huko ulikokikuta.

Plagi iliyokatwa ni mauti

Tanzania, Kenya, Uganda, Oman na Emirati hutumia plagi ya miguu mitatu bapa yenye fyuzi ndani. Burundi, Rwanda na Kongo wanatumia zaidi plagi za miguu ya duara. Kinachotokea mpakani kinajulikana: plagi hukatwa kwa kisu, nyaya mbili huunganishwa na plagi ndogo ya duara, na waya wa tatu, wa kijani na njano, hukunjwa na kuzungushiwa utepe.

Waya huo wa tatu ndio arthi. Kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja kwenye bati la mashine, ili fyuzi au swichi ikate. Ukiukata, siku waya wa ndani utakapogusa bati, mashine itaendelea kufua kama kawaida, na bati lote litakuwa na umeme. Mama atakayelishika akiwa amesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji ndiye atakayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Ukisikia "inanipiga shoti kidogo tu", usicheke. Huo ni mwito wa kuichomoa mara moja na kumwita fundi umeme.

Rangi za nyaya nazo zinadanganya. Kwa vifaa vya Ulaya na Ghuba, kahawia ni waya wenye moto, buluu ni nyutro, kijani na njano ni arthi. Kwa vifaa vya Marekani, mweusi ndio wenye moto, mweupe ni nyutro, na kijani au waya mtupu ni arthi. Kwa utaratibu wa zamani wa Waingereza, ambao bado umo katika kuta za nyumba nyingi Afrika Mashariki, mwekundu ndio wenye moto na mweusi ni nyutro. Yaani mweusi wa Marekani unaua, mweusi wa Mwingereza wa zamani ni nyutro. Asiyejua tofauti hiyo asiguse.

Dawa ni kununua adapta nzuri yenye arthi, au kumwita fundi umeme abadilishe plagi nzima pamoja na waya wa tatu, na kuhakikisha kwamba soketi ya ukutani yenyewe ina arthi ya kweli. Kwa mwenye uwezo, swichi inayokata umeme unapovuja kwa kiwango cha miliampea 30 ni ulinzi mkubwa, hasa kwa bafuni na mahali pa kufulia.

Vifaa ambavyo usivifungue kamwe

Maikrowevu ndiyo ya kwanza. Ndani yake kuna transfoma na kapasita zenye maelfu ya volti. Kapasita hutunza umeme huo hata baada ya kuchomolewa, na kwa hakika imewahi kuua mafundi wenye ujuzi wao. Maikrowevu ya Panasonic ikiandika H97 au H98, inasema tatizo liko upande huo wa umeme mkubwa. Mwenye nyumba hana lolote la kufanya hapo zaidi ya kuichomoa. Usafishe ndani, uangalie kama mlango unafunga vizuri, basi.

Friji nayo ina hatari nyingine. Friji nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo ni isobuteni, jamaa ya gesi ya kupikia. Inawaka. Ndani ya friji au kwenye kompresa kuna pembetatu ya njano yenye mwali wa moto. Fundi anayewasha tochi ya kuchomelea kwenye mabomba hayo bila kutoa gesi kwanza anachezea mlipuko. Vilevile, kugandua barafu kwa kisu hutoboa bomba, na friji iliyotobolewa hivyo mara nyingi ndiyo mwisho wake. Friji iliyosafirishwa ikiwa imelala isimamishwe kwa saa kadhaa, na ikiwezekana siku nzima, kabla ya kuwashwa, ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Viyoyozi huandika alama kwenye rimoti au kwa taa zinazopepesa. Daikin, kwa mfano, huandika U0 kwa gesi kupungua na U4 kwa mawasiliano kukatika kati ya kifaa cha ndani na cha nje. Kazi ya mwenye nyumba ni kuosha filta za vumbi na kuangalia umeme. Gesi na bodi ni kazi ya fundi aliyesomea.

Njia za mkato

Ipo tabia inayoenea miongoni mwa baadhi ya mafundi. Alama ya mlango ikijitokeza, huunganisha nyaya za swichi ya mlango ili bodi idhani mlango umefungwa. Fyuzi ya joto ikikata, huweka kipande cha waya wa shaba mahali pake. Alama inatoweka, mteja anafurahi na kulipa.

Huko ni kumziba shahidi mdomo. Mashine ya kufulia yenye swichi iliyorukwa itaendelea kuzunguka kwa mamia ya mizunguko kwa dakika mlango ukiwa wazi, na mkono wa mtoto unaweza kung'oka. Maikrowevu yenye swichi iliyorukwa inaweza kutoa mionzi mlango ukiwa wazi. Kifaa chenye waya wa shaba badala ya fyuzi kitawaka moto usiku watu wakiwa wamelala. Ukimwona fundi anafanya hivyo, mwambie kwa heshima, "Fundi wangu, naomba uweke swichi mpya, hata kama bei itaongezeka." Akikataa, chukua mali yako.

Kwa mfanyabiashara na anayerudi nyumbani

Mfanyabiashara anayeijua lugha ya alama ana silaha sokoni. Usikubali kuonyeshwa taa zinazowaka tu. Omba mashine iunganishwe na maji, uweke programu fupi ya kusuuza na kukamua, usimame hapo hadi mwisho. Ndani ya muda mfupi utajua kama inaingiza maji, inafunga mlango, inazungusha, inatoa maji na inakamua. Alama ikijitokeza, inakili, na uitumie kupunguza bei au kuondoka. Muuzaji akisema, "Kaka, hiyo ni ndogo tu, utairekebisha huko," mwambie airekebishe yeye kwanza, kwani gharama ya kuirudisha kutoka Bujumbura ni zaidi ya faida yako.

Aidha, kumbuka kwamba cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama. Mashine iliyotoka Dubai haipati nafuu hiyo kwa kuwa tu imenunuliwa Kariakoo. Anayerudi nyumbani moja kwa moja ana nafasi tofauti: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatoa msamaha kwa vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia huko alikokuwa anaishi, kwa masharti na muda maalumu. Ulizia forodhani kabla ya kupakia kontena, na utunze risiti.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Uganda, katika bajeti yake ya mwaka 2009/10, ilitangaza kupiga marufuku friji zilizotumika. Na tangu Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za umeme na elektroniki, za sumu na zisizo za sumu, zipate kibali cha nchi inayopokea kabla ya kuvushwa mpaka. Mashine mbovu iliyonunuliwa kwa matumaini ya kutengenezwa inaweza kuhesabiwa kuwa taka. Mashine inayofanya kazi, yenye ushahidi kwamba ilijaribiwa, haina mashaka hayo.

Kwa ufupi, ndugu msomaji, alama kwenye kioo ni rafiki wa mwenye mali. Inamwambia aangalie bomba, mpira, chujio, mlango na umeme, mambo ambayo hayahitaji bisibisi. Zaidi ya hapo kuna mpaka, na mpaka huo hauvukwi kwa ujasiri. Ukinusa harufu ya kuungua, ukiona maji chini ya mashine karibu na waya, ukipigwa shoti, au swichi ya nyumba ikikata kila unapowasha, zima swichi kuu, chomoa, na umwite aliyesomea kazi hiyo. Mashine iliyoungua hununuliwa nyingine Kariakoo au Dubai, lakini roho haina duka.